Walicheka Mapipa, Hakuna Aliyeuliza Kuhusu Bolti

Klipu yenyewe ina sekunde 38. Msanii mmoja mkubwa, yule ambaye ukitaja nusu ya jina lake mjini kila mtu anamalizia, yuko kwenye maji ya Kilifi, pwani ya Kenya, miguu imefungwa kwenye ubao wa weikibodi. Anavutwa kwa kamba, anapanda kitu kirefu cheusi kinachoelea, anateleza juu yake kama sekunde mbili, kisha anaangukia upande wa pili huku washkaji wanapiga mayowe. Nyuma unasikika wimbo wake mpya. Chini ameandika maneno mawili tu: "Tumejenga wenyewe."

Basi mtandao ukawaka. Kamera ilipopita karibu, mapipa ya bluu yalionekana chini ya ile reli, na hapo ndipo watu walipopata pa kushikia. Wengine wakasema hilo ni tenki la choo limetoroka kwao. Wengine wakasema mchezo wa wenye hela ukichezwa bila hela unageuka vichekesho. Kambi ya pili nayo ikaja na moto wake: huu ndio ubunifu, vijana wa pwani hawashindwi na kitu, wanaocheka wana wivu. Watu walirushiana maneno siku mbili, wimbo ukapanda, mambo yakapoa.

Shida ni kwamba kambi zote mbili zilikuwa zinaangalia sehemu moja, ile ya juu. Reli ya kuelea iliyojengwa nyumbani haipimwi kwa sura. Inapimwa kwa vitu ambavyo kamera ile haikuvionyesha: vichwa vya bolti, mdomo wa kuingilia, kamba ya nanga, na kina cha maji wakati yamekupwa. Kujenga kwa bei rahisi hakuna aibu yoyote. Aibu inaanza pale hela inapobanwa kwenye sehemu ambayo goti la mtu litakuja kulipa tofauti. Na mwenye wafuasi lukuki akionyesha juu tu, halafu akaandika "tumejenga", anabaki na deni.

Hao "tumejenga" ni akina nani?

Msanii alifika Kilifi Ijumaa jioni, akaondoka Jumapili. Reli ilikuwa majini miezi minane kabla yake. Walioijenga ni vijana watatu. Mmoja ni fundi wa kuchomelea mageti. Wa pili ni msaidizi kwenye boti ya watalii. Wa tatu ni dogo wa miaka 19 aliyejifunza kusimama kwenye ubao kwa kuvizia wageni wakichoka mapema, anaomba dakika kumi zilizobaki. Hawakutajwa. Hawakutagiwa. Walipata soda, picha ya pamoja, na ahadi kwamba "tutawasiliana".

Wenyewe hawakununa sana. Dogo alimwambia fundi, "Kaka, si angalau ametuonyesha?" Fundi akamjibu, "Ameionyesha reli, dogo. Sisi hatumo mle."

Kuna watakaosema hayo ndiyo maisha ya mastaa, kila siku wanapiga picha na magari ya watu. Sawa. Ila gari la kuazima likipigwa picha halimuumizi anayeitazama. Reli ni tofauti, kwa sababu watu wanaiiga.

Kwa nini mapipa?

Kwa ambao mchezo huu hawaujui: kwenye weikibodi mtu anasimama kwenye ubao mmoja, ameshika mpini, anavutwa juu ya maji. Anaweza kuvutwa na boti, na waya unaozunguka juu ya nguzo, au na winchi iliyokaa nchi kavu. Kwenye viwanja vya waya, mwendo wa kawaida ni karibu kilomita 30 kwa saa. Reli ni kitu cha kupanda na kuteleza ukiwa kwenye mwendo huo. Wazo lilitoka kwa vijana wa skateboard waliokuwa wanateleza kwenye vyuma vya ngazi za barabarani.

Reli za kiwandani zinauzwa kwa maelfu ya euro. Ongeza meli, ushuru, lori kutoka Mombasa. Kijana anayechomelea mageti hawezi hata kuuliza bei bila kujisikia vibaya.

Kwa hiyo mapipa. Pipa la plastiki la lita 200 likifungwa vizuri na kuzama lote, maji yanalisukuma juu kwa nguvu ya kubeba karibu kilo 200, ukitoa uzito wa pipa lenyewe. Hiyo ni hesabu ya Archimedes ya darasani, na haijali pipa lilibeba nini zamani. Mapipa sita yanavuka tani moja. Fremu ya vyuma, mbao, bomba na mtu mmoja anayepita juu havifiki huko, kwa hiyo mapipa yanakaa yamezama nusu tu na reli inatulia. Reli ya kiwandani nayo inaelea kwa sababu hiyohiyo: hewa au povu lililofungwa ndani ya plastiki. Aliyecheka pipa alicheka kitu ambacho hata wenye hela wanakitumia, tofauti ni umbo na rangi.

Vijana hawa walipanga mapipa yao vizuri pia. Ukiyaweka yote kwenye mstari mmoja chini ya reli, kitu kizima kinabiringika mara mtu akiegemea upande. Wao waliyatanua, matatu kushoto na matatu kulia. Mtu yeyote aliyewahi kuona ngalawa anajua kwa nini: ile mikono ya pembeni ndiyo inayozuia isipinduke. Hilo hawakulisoma popote. Walikua wakiliona.

Walibana hela sehemu nyingi. Mapipa ni ya mtumba, yaliyooshwa mara tatu. Fremu ni mabaki ya vyuma vya mageti. Rangi ni zile zilizobaki kwenye makopo ya wateja, ndiyo maana upande mmoja ni kijani na mwingine ni maruni. Winchi inazungushwa na injini ya pampu ya maji. Hakuna kati ya hivyo kinachostahili kuchekwa.

Sehemu ambazo walikataa kubana

Ya kwanza ni bomba la kutelezea. Bomba la PVC, lile la kijivu au jeupe la majitaka, ni rahisi na liko kila duka la vifaa vya ujenzi. Mwanzoni walitaka kulitumia. Msaidizi wa boti ndiye aliyekataa, maana alishaona mabomba hayo yakiachwa juani kwenye gati: baada ya muda yanakuwa makavu, ukiyagonga yanapasuka vipande vyenye ncha kali. Wakasubiri wiki saba wapate hela ya bomba nene jeusi, lile lenye mistari ya bluu linalotumika kusafirishia maji. Ile plastiki inajikunja kabla ya kuvunjika, na weusi wake ndio unaoikinga na jua. Wiki saba hizo reli ilikaa nyuma ya karakana kama mifupa ya ng'ombe, na majirani wakacheka kabla ya mtandao kucheka.

Ya pili ni bolti, na hapa walijifunza kwa damu. Mwezi wa pili, bolti zilikuwa za kawaida, vichwa vimezamishwa kidogo tu ndani ya bomba. Plastiki inapopata joto inatanuka kuliko chuma, usiku inarudi. Kila siku tanuka, rudi, tanuka, rudi. Matundu yalikuwa yamebana, kwa hiyo bolti zikaanza kusukumwa juu. Kichwa kimoja kikachomoza, urefu wa punje ya mchele. Dogo akateleza, akapoteza mizani, goti likapita pale. Nyuzi kumi na moja. Mama yake alikuja ufukweni kesho yake, akaiangalia ile reli bila kusema neno, akaondoka. Fundi anasema afadhali angetukana.

Baada ya hapo walifungua kila kitu. Matundu yakatanuliwa marefu kidogo ili plastiki ipate nafasi ya kutembea. Vichwa vikazamishwa kabisa, kidole kikipita juu hakikwami. Bolti zikawa za stenlesi, maana za kawaida zikila chumvi miezi michache zinakatika. Bolti peke yake zilikula hela kuliko mapipa yote sita. Na kila kabla ya mchezo, mmoja wao anatembeza kiganja juu ya reli nzima, kutoka mwanzo hadi mwisho. Dakika mbili. Hiyo haipo kwenye klipu.

Ya tatu ni mdomo na mbavu. Mwanzo wa reli lazima ushuke chini ya uso wa maji ili ubao upande wenyewe. Ukiachwa juu, mtu wa kilomita 30 kwa saa anakutana na ukuta. Pembeni nako lazima kuzibwe, ili aliyeanguka asiingie kati ya mapipa au mguu wenye ubao ukanasa chini ya fremu. Vijana hawa walizibia kwa karatasi za plastiki ngumu zilizotoka kwenye matenki ya maji yaliyopasuka. Sura yake mbaya kweli. Kwa mtu anayedondoka, ni nzuri sana.

Ya nne ni nanga, na ndiyo ambayo ingeweza kuua bila mtu hata kupanda reli. Pwani hii, wakati wa bamvua, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Ukipima kamba maji yakiwa yamejaa, yakikupwa una mita nyingi za kamba iliyolegea. Kamba nyingi za bei rahisi, zile za bluu na kijani zilizojaa madukani, zinaelea. Kwa hiyo ule ulegevu unakuja juu ya maji, unasubiri shingo ya mwogeleaji au panka la injini ya boti. Wao walinunua kamba ya nailoni, ambayo inazama, halafu wakaning'iniza uzito katikati ili ulegevu wote uvutwe chini. Nanga zenyewe ni matairi manne ya gari yaliyojazwa zege. Hapo pia kuna hesabu inayowaponza wengi: zege la kilo 100 nchi kavu, ndani ya bahari linabaki chini ya kilo 60. Ndiyo maana ni manne na si mawili.

Kabla ya yote hayo walikwenda kwa wavuvi. Walikaa na wazee wa kamati ya ufukwe, ile inayoitwa BMU, wakaonyeshwa njia za mitumbwi na sehemu za nyavu. Mzee mmoja akawaambia, "Wanangu, chezeni, lakini usiku mtu asije akagonga chuma chenu." Ndiyo maana kuna mikanda inayong'aa kwenye kona zote nne. Kwenye klipu, mkanda mmoja unaonekana kwa nusu sekunde. Kuna aliyekomenti kwamba ni urembo.

Wiki ya pili baada ya klipu

Hapa ndipo stori inapoacha kuchekesha. Ufukwe mwingine, mji mwingine, kundi la vijana sita waliitazama klipu mara nyingi wawezavyo, wakajenga yao kwa siku mbili. Mapipa, ndiyo. Bomba la PVC la majitaka, kwa sababu kwenye video bomba ni bomba. Kamba ya kijani. Nanga mbili za mawe yaliyofungwa kwenye gunia. Helmeti hakuna, maana msanii hakuvaa.

Jioni ya pili bomba likapasuka chini ya ubao. Kijana mmoja alichanika paja, kipande kikapita kando ya mshipa mkubwa. Kando. Waliomtoa walikuwa wavuvi waliokuwa wanarudi, wakamfunga kwa kanga ya mama muuza samaki. Amepona, anatembea, na reli yao imebaki mchangani. Alipoulizwa na ndugu zake walijifunza wapi, alijibu kwa ukweli kabisa: "Si tuliona alivyofanya yule."

Yule hakufanya kitu. Alipita juu kwa sekunde mbili.

Haitakuwa haki kumtwisha msanii paja la kijana asiyemjua. Hakuwaambia wajenge. Hakuwauzia PVC. Wale sita wana akili zao, na wangeweza kuuliza. Lakini wangemuuliza nani? Aliyesema "tumejenga" hajui hata mdomo wa reli unakaa wapi, na waliojua hawakutagiwa. Swali lilikuwepo, njia ya kufika kwenye jibu ilikatwa na neno moja kwenye kapsheni. Angeandika majina ya akaunti tatu tu, wale vijana wangetuma ujumbe, na fundi, ambaye anajibu hata meseji za kuuliza bei ya geti, angewajibu kuhusu bomba.

Na wale wa "mchezo wa wazungu"

Kuna wengine walioisikia hiyo habari ya paja wakarudi na kicheko chao: si tuliwaambia, kama huna hela kaa pembeni. Hao nao wamekosea. Mchezo huu haukuzaliwa kwenye hoteli. Mwaka 1985, Tony Finn, kijana wa mawimbi wa San Diego huko Marekani, alitoa ubao ulioitwa Skurfer, kwa ajili ya mtu kuvutwa na boti siku ambazo mawimbi hayapo. Huko Ujerumani, mhandisi Bruno Rixen ndiye aliyeanzisha viwanja vya waya, ili watu wavutwe bila kila mmoja kuhitaji boti yake. Na hadi leo, Ulaya na Marekani, vijana wasio na boti wanafunga injini ndogo kwenye fremu, wanaifanya winchi, wanajijengea reli za mbao na bomba kwenye mito na mabwawa. Kujenga mwenyewe ni sehemu ya mchezo wenyewe. Vijana wa Kilifi hawajaiga vibaya kitu cha watu, wamefanya kilekile, na mapipa ya kwao.

Kilichomchana kijana wa pili hakikuwa ufukara. Tofauti ya bei kati ya bomba lake na bomba sahihi ni kitu ambacho vijana sita wangechangishana kwa mwezi mmoja, kama wangejua ni kitu cha kusubiria. Hawakujua. Wale watatu wa Kilifi hawana hela kuliko wao. Walichokuwa nacho ni wiki saba za uvumilivu, jeraha moja la kuwafunza, na mzee wa kuwaambia wapi nyavu zinapita.

Wanaosifia nao wajirekebishe. Kusema "ubunifu" na kuweka moto mitatu ni rahisi. Sifa hiyo ikifunika kila kitu, inafanya ionekane kwamba kujituma kunatosha. Hata hiyo ya Kilifi ina udhaifu wake, na wenyewe wanaujua: fremu ya vyuma vya mageti inaliwa na kutu, na fundi anasema wazi kwamba mwakani wataitupa na kujenga nyingine. Kila wiki anagonga viungo vyake kwa nyundo akisikiliza sauti. Wakati wa maji kupwa ya bamvua hawachezi kabisa, kwa sababu kina pale mwisho wa reli hakiwatoshi mtu anayeanguka vibaya. Helmeti na jaketi la kuelea ni lazima, na anayeshika winchi hashiki simu. Msanii aliombwa avae helmeti. Alisema itaharibu shoti, na watatu wale, wakiwa mbele ya jina kubwa, wakanyamaza. Hilo nalo ni kosa lao, na wanalikubali.

Kinachotakiwa sasa ni kidogo. Klipu moja zaidi, ya sekunde 38 zilezile. Reli ivutwe ufukweni, igeuzwe, kamera ipite chini. Bolti zionekane. Kamba ionekane. Goti la dogo, lenye kovu lake, lionekane kama mwenyewe ataridhia. Fundi aongee. Wimbo uleule ukipigwa nyuma, hakuna atakayelalamika, na pengine utapanda tena.

Mpaka siku hii inapoandikwa, klipu ya kwanza bado iko juu, maneno ni yaleyale mawili. Fundi amefungua akaunti yake. Ameweka video moja, giza kidogo, ya mkono wake ukipita taratibu juu ya bomba jeusi kutoka mwanzo hadi mwisho. Haina muziki. Ilipotazamwa mara ya mwisho ilikuwa na laiki 64 na komenti moja, kutoka kwa kijana mwenye bandeji pajani: "Kaka, hilo bomba linauzwa wapi?"

Fundi alijibu ndani ya dakika nne.

Na wewe mdau, ulipoiona ile klipu, uliandika nini? Dondosha hapa chini, bila kumtukana mtu.